Wazazi Tusijitie Hamnazo Wanafunzi Wageni Wanapoteswa

Januari 2026 nilimsindikiza mwanangu hadi shule ya bweni, akajiunge na Gredi ya 10. Tuliondoka hapa Gakindu alfajiri, godoro na sanduku vikiwa juu ya matatu, karo ikiwa imetoka kwenye kahawa. Aliporudi likizoni, blanketi halikuwepo, wala hakutaka kusema lilikokwenda.

Siku ya tatu alinifungulia moyo. Usiku aliamshwa kuwafulia wakubwa nguo. Aliamriwa apime uwanja wa mpira kwa njiti ya kibiriti, na azime taa ya umeme kwa kuipuliza. Aliposhindwa, alipigwa. Hata jina tulilompa lilipotea. Yeye na wenzake wote waliitwa "mono".

Nakiri kwa aibu kwamba neno la kwanza lililonitoka lilikuwa: "Vumilia, hata sisi tulipitia hayo." Akanijibu kwa utulivu ulionitia baridi: "Najua, baba. Mwakani watakuja wengine."

Naam, mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyeonewa na asipate mtetezi hangoji haki, hungoja zamu yake. Tukumbuke kwamba waliojiunga na kidato cha kwanza mwaka 2024 walikuwa wa mwisho wa mfumo wa zamani. Mwaka 2025 hapakuwa na wageni, hivyo kwa miaka miwili hawakuwa na mtu chini yao. Mwaka huu vijana wa Gredi ya 10 wameingia bwenini na kukuta wanadaiwa deni wasilolikopa.

Wapo wanaodai kuwa mateso haya humkomaza kijana, mithili ya jando. Hao wanaivunjia heshima mila yetu. Kijana wa Kikuyu alipotahiriwa alipewa mutiri, mlezi wa kumshika, kumuuguza na kumfunza. Je, bwenini mgeni hukabidhiwa nani?

Sisi wa Nyeri hatuhitaji kusimuliwa hatari ya chuki inayotokota bwenini. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne chumbani usiku na kuwatia moto kwa petroli. Wote wanne walifariki. Hakuna kosa linalostahili kifo cha namna hiyo, na hakuna mzazi anayeweza kuapa kwamba chuki ikiisha kuwaka itamchagua nani.

Sheria tunayo. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kuteswa kimwili au kiakili, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au zote mbili. Kinachokosekana ni mlalamishi. Huko Marekani, Timothy Piazza, mwanafunzi wa miaka 19 wa chuo kikuu cha Penn State, alifariki Februari 2017 baada ya kuleweshwa katika sherehe ya kumwingiza kwenye chama cha wanafunzi. Wazazi wake hawakukaa kimya. Wao na wazazi wengine waliofiwa walipaza sauti hadi Desemba 2024, ilipotiwa saini sheria ya taifa zima inayovilazimu vyuo kutangaza visa vya aina hiyo. Sisi tusingoje jeneza ndipo tuseme.

Kabla shule hazijafunguliwa, nilimketisha mwanangu nikamweleza nilichomficha: kwamba nilipofika kidato cha pili, nami nilimtwisha mtoto mgeni ndoo ya nguo zangu, na machozi yake nayakumbuka hadi leo. Kisha tukaenda pamoja kwa mwalimu mkuu. Nilimwomba jambo moja: kila mgeni apewe mutiri miongoni mwa wakubwa, atakayeulizwa kwa jina mgeni huyo akiumia.

Wazazi wenzangu, tuwaulize watoto wetu yaliyowapata bwenini. Tuwaulize pia waliyowatendea wengine. Swali hili la pili ndilo zito zaidi, na ndilo litakalowaokoa watakaoingia mwakani.