Goma Si Mahali pa Kukimbilia Tu



Kila mwaka, wakati mtihani wa Serikali unakaribia, sisi wa darasa ya sita tunakusanya franga kwa sikukuu ya kuagana. Tunanunua mchele, nyama na soda, tunatafuta musiki, tunakula siku moja. Kesho yake kinachobaki ni sufuria za kuosha. Mwaka huu sisi wakubwa wa shule tuko na wazo ingine, na tunaiweka mbele yenu wote ili muijadili bila hasira. Tunasema: franga zile zisiliwe. Ziwekwe kwa safari ya shule, kwenda kuona mji wa Goma na Ziwa Kivu.

Tunajua wengine watacheka. Watasema: «Goma tunaijua!» Basi tuulizane vizuri, tunaijua namna gani? Wengi wetu wa Kibua, Nyabiondo, Kashebere na vijiji vya msituni, kama tulifika Goma, tulifika na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Tulijua Mugunga, Bulengo na Kanyaruchinya, kwa sababu kambi za wakimbizi zilikuwa pale mpaka Februari 2025, wakati watu walipoambiwa waondoke. Mtu aliye mkimbizi anaangalia wapi maji inapatikana, wapi wanagawa unga, wapi mama yake amepotelea. Haangalii ziwa. Ziwa iko mbele yake lakini yeye haioni, juu ya njaa na hofu. Na wale waliofika bila kukimbia, walifika kwa mambo ya soko: kuuza maharagi, kununua simu, kurudi. Nao pia hawakuona kitu.

Na wakati ule ule, watu walitoka Ulaya na Marekani, wakalipa franga nyingi, ili waone kitu kile kile ambacho sisi tunakipita bila kugeuza kichwa. Hiyo njo inatusumbua.

Tuseme kidogo habari za wenzetu wa Uswisi. Inchi yao ni ya milima na maziwa, sawa ya kwetu, na wazungu waliozoea kufika Masisi walipenda kusema kwamba vilima vyetu vya ng’ombe na jibini vinafanana na Uswisi. Lakini ziwa yao kubwa, ile ya Geneva, iko mita 372 tu juu ya bahari. Ziwa Kivu iko karibu mita 1,460. Volkano inayowaka, wao hawana hata moja. Sisi tuko na mbili karibu na mji, Nyiragongo na Nyamulagira. Sasa tofauti ni nini? Ni kwamba kule Uswisi safari ya shule ni desturi ya zamani. Mtoto anapelekwa na mwalimu wake kuona mlima na ziwa ya inchi yake, anarudi, anaandika. Hivi anakua akijua kwamba inchi ni yake, na tena anajua kuichunga. Sisi tunajifunza maziwa ya dunia kwa ubao mweusi, na ile ya kwetu tunaijua kwa kusikia tu.

Basi, kama tungefika Goma siku tatu, tungeona nini? Tunaandika hapa vitu ambavyo mwanafunzi anaweza kuona bila kuwa mtoto wa tajiri.

Kwanza, njia yenyewe. Kutoka kwetu tunapanda kupitia Nyabiondo na Masisi, tunatoka katika msitu, tunaingia katika malisho, nyuma tunashuka Sake na kuona maji. Mwalimu wa jeografia anaweza kufundisha njiani. Mto Lowa unashuka upande wa Walikale mpaka Lualaba. Maji ya Ziwa Kivu inatoka Bukavu kwa mto Ruzizi, inaingia Tanganyika, kisha inapita Lukuga, nayo pia inafika Lualaba. Kumbe maji ya kwetu na maji ya ziwa, ijapo zinaachana huku juu, zinakutana kule chini! Na zamani sana haikuwa hivi: maji ya huku ilikuwa inaenda kaskazini, upande wa Nili, mpaka volkano za Virunga zilipofunga njia.

Pili, mawe meusi. Goma ni mji uliojengwa juu ya lava. Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka, na ziwa ya moto iliyokuwa kileleni ikamwagika yote katika muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka tena, ukapita katikati ya mji mpaka kuingia ziwani, ukafunika hata sehemu ya kiwanja cha ndege. Watu zaidi ya 100,000 walikosa nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ikawa mara ya tatu. Lava ilisimama Buhene, karibu sana na mji, na siku chache nyuma serikali iliamuru watu wahame. Wengi walitembea kwa miguu mpaka Sake, njia yetu hii ya Masisi. Lakini angalieni watu wa Goma walifanya nini kisha: walivunja yale mawe, wakajengea nyumba na kuta. Kitu kilichowaua njo wamekifanya msingi. Somo hilo peke yake linatosha kulipa safari.

Tatu, Observatoire ya volkano ya Goma, ambayo iko kazini tangu 1986. Pale wako watoto wa inchi hii, waliosoma hesabu na fizika kama sisi, na kazi yao ni kusikiliza mlima mchana na usiku. Wanafunzi wa sayansi wanaouliza kila siku «Fizika itatusaidia nini?» waende wakaulize pale.

Ine, ziwa na wavuvi wake. Asubuhi mapema, kule Kituku, mitumbwi inarudi na sambaza. Wavuvi wanaunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanatega wavu katikati, na usiku wanawasha taa ili samaki wapande. Lakini ni wangapi wanajua kwamba sambaza si mwenyeji? Aliletwa kutoka Tanganyika katika miaka ya 1958 mpaka 1960. Leo ni chakula cha maskini na cha tajiri. Tungeona pia mashua zinazobeba vitu na watu kwenda Idjwi na Bukavu. Tungeona Ziwa Kijani, kale kaziwa kadogo kaliko ndani ya tundu la volkano ya zamani, upande wa Sake. Na kisiwa cha Tchegera tungekiangalia kwa mbali: kimekunjwa kama mwezi mchanga, juu ya kuwa ni ukingo wa volkano iliyozama.

Tano, kazi ya mikono. Chukudu tunayoijua, ile ya mbao inayobeba viazi na makala, Goma wameisimamishia sanamu katika njia panda. Mahali pengine wanasimamisha sanamu ya jenerali. Goma wamesimamisha mtu anayesukuma mzigo. Sisi tunaona ni haki.

Sita, masomo ya mbele. Université Libre des Pays des Grands Lacs, ile ya makanisa ya Kiprotestanti, iko Goma tangu 1985. Ni vizuri mtoto wa Kibua apite mlangoni mwake mara moja, aone kwamba wanaoingia ni watu kama yeye, wenye viatu kama vyake.

Sasa tujibu maneno ya wale wasiokubali, maana tumeyasikia katika mabweni na hata katika chumba cha walimu.

Wa kwanza wanasema: «Ziwa inaua.» Ni kweli, na hatutaficha. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu sana na Kituku, watu wakiwa wanaiona kutoka ukingoni, na watu zaidi ya 30 walikufa. Ilijazwa kupita kiasi. Tena chini ya ziwa kuna gazi nyingi, kaboni dioksidi na metani. Kule Kameruni, Ziwa Nyos ilitoa gazi ya namna hiyo tarehe 21 Agosti 1986, watu karibu 1,700 wakafa usiku mmoja. Na pembeni ya ziwa, upande wa magharibi wa Goma, kuna mazuku, ile hewa mbaya inayolala katika mabonde madogo na kuua mbuzi na watoto, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kupumua. Lakini sisi tunauliza: nani anakufa na mazuku? Ni mgeni asiyejua, anayetafuta mahali pa chini pasipo upepo ili alale. Na wengi wetu tumekwisha kuwa wageni wa namna ile, na pengine tutakuwa tena. Basi kujua ni kujikinga. Sharti zetu ni hizi: hakuna kuogelea bila mwalimu, hakuna kupanda mashua isiyo na jile za kuokoa maisha au iliyojaa, hakuna kushuka katika shimo. Na tujue pia kwamba gazi hiyo si adui tu: jirani zetu wa Rwanda, kule Karongi, tangu 2016 wanatoa metani ziwani na kuifanya umeme. Sisi tunawasha vitadara.

Wa pili wanasema: «Franga ni kidogo, na watoto wengine hawajalipa hata minervale.» Neno hilo ni zito, tunaliheshimu. Njo maana hatuombi mchango mpya. Tunaomba ule ule wa sikukuu ubadilishe njia. Asiyeweza kutoa franga atoe maharagi, mihogo au siku ya kazi katika shamba la shule, na hesabu itaandikwa na kubandikwa ukutani, kila mtu aione.

Wa tatu ni wazazi wa mabinti. Wanaogopa, na wako na haki ya kuogopa. Tunapendekeza waalimu wanawake wawili waende, na mabinti walale pamoja nao katika nyumba ya watu wanaojulikana na kanisa. Lakini binti asibaki nyumbani juu ya kwamba ni binti. Wakati wa kukimbia vita hakuna aliyemwambia binti abaki. Wakati wa kwenda kujifunza njo tunakumbuka kwamba njia ni ndefu?

Wa ine wanasema neno lililo kubwa kupita yote: «Vita.» Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na kabla yake na nyuma yake vita ilipita Masisi na Walikale, na barabara yetu imejua bunduki nyingi. Hatuko watoto wadogo. Hatusemi twende kesho, wala hatusemi twende mwezi wa saba. Tunasema franga ziwekwe, na siku ya kwenda iamuliwe na Bwana Prefe pamoja na kamati ya wazazi, siku watakapoona njia inapitika kwa usalama. Kama siku hiyo haifiki kabla sisi hatujapata diploma, basi franga zibaki kwa wale wa darasa ya tano. Na kama wao pia hawaifikii, wawaachie wa ine.

Hapa njo moyo wa jambo lenyewe. Pengine sisi tunaoandika hatutaenda. Tunaombwa tuache sikukuu yetu, nyama yetu na musiki yetu, kwa safari itakayofanywa na wengine. Wenzetu kadhaa wa sita wamekasirika, wanasema ni ujinga kupanda muti ambao hautakula matunda yake. Tunawajibu kwa upole: shule hii tunayosomea, nani aliipanda? Waliobeba mawe na kupasua mbao wengi wao hawakukaa hata siku moja katika darasa.

Vita imetufundisha kufikiri siku kwa siku: kula leo, kwa kuwa kesho hatuijui. Ni akili ya mkimbizi, na ilituokoa. Lakini ukiikaa ndani yake miaka yote, inakula hata kesho iliyokuwa inakuja. Kuweka franga kwa safari ni kusema kwamba tunaamini barabara itafunguka, na kwamba siku moja mtoto wa Kibua atashuka Sake bila godoro kichwani, na daftari mkononi, asimame pembeni ya maji na kuuliza jina la kila kitu.

Mambo ya kufanya tangu sasa ni mawili. Kila darasa ichague kitu kimoja kati ya vile tulivyotaja, iulize walimu na wazee, na ilete karatasi moja kwa gazeti hili kabla ya mwisho wa mwezi. Na wa darasa ya sita tukutane siku ya posho, saa nane, katika salle kubwa, tupige kura juu ya franga. Asiyekubali aje pia, aseme. Tutamsikiliza.

Ni sisi wakubwa wa wanafunzi, darasa ya sita.