Barakoa Ipi Inakinga? Nasaha kwa Familia za Wachimbaji



Njia ya lami inayotoka Nzega hugawanyika Tinde, mkoani Shinyanga: mkono mmoja unakwenda Shinyanga na Mwanza, mwengine Kahama na machimbo ya dhahabu ya Geita. Familia ya Unguja au Pemba yenye kijana aliyeshika njia hiyo haina budi ijue kwamba vumbi la mawe huharibu mapafu na kuyafanya yashikwe upesi na kifua kikuu. Kijana hurudi na riziki, na huenda akarudi na kikohozi katika chumba anacholala mama yake.

Tangu siku za korona, wengi wetu tunadhani barakoa zote ni sawa. Si sawa. Ya kitambaa huzuia matone ya mate, lakini vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani na vingi hupenya. Ya hospitali huchuja vizuri zaidi, ila pembeni ina uwazi, na hewa hupita penye uwazi. N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo mno, kwa sharti ibane uso pande zote. Kwa hiyo mgonjwa avae ya hospitali, izuie kinachotoka kinywani mwake. Anayemuuguza avae N95.

Hapa huja masuala mawili. Kwanza, kuziba mdomo ndani ya Sala. Asili yake ni makruhu, lakini makruhu huondoka panapokuwa na haja, na kukinga maradhi ni haja. Pili, ndevu. N95 haibani juu ya ndevu. Hatumwambii mtu anyoe. Tunasema amuachie uuguzi mwengine ambaye barakoa inamkaa, na madirisha yafunguliwe.

Wala barakoa si dawa. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kupimwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya Serikali, na kwa kawaida hunywewa miezi 6 bila kukatiza. Kumficha mgonjwa kwa kuona haya si stara. Ni kuwadhuru wa nyumbani, na sharia imekataza kudhuru.

Basi mzazi anapopiga simu machimboni, asiulize fedha tu. Aulize pia: mwanangu, mwamba mnaumwagia maji kabla ya kuutoboa? Na puani unavaa nini?

Wallahu aalam.