Mwacheni Mzee wa Watu! Valvu Kuingia Sio Kufaa

Wiki hii mitandaoni kumechafuka. Dada mmoja, staa wa tamthilia, kamwanika fundi redio mzee na kumwita tapeli. Kisa? Redio ya valvu ya marehemu babu yake imekaa kwa fundi wiki tatu. Dada akaagiza valvu mwenyewe, mzee akagoma kuiweka, halafu akaomba hela ya kapasita. Basi mashabiki wakamshukia kama mwewe.

Ukweli usemwe: mzee yuko sahihi.

Valvu ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio za zamani. Redio ya babu inatumia UCL82, dada kaleta ECL82. Ukiziweka mezani ni mapacha. Kila moja ina miguu tisa, na zote zinaingia soketi ileile bila kulazimisha. Ila mchezo wote uko kwenye herufi ya kwanza. E ni valvu ambayo waya wake wa kupasha moto unatumia volti 6.3. U ni ya redio ambazo nyaya hizo zimeungwa kwa mfululizo, na umeme unaopita humo ni ampea 0.1 tu. ECL82 inataka ampea 0.78. Ukiichomeka hapo haipati moto, redio inabaki bubu.

Na hela ya kapasita sio wizi. Kapasita za karatasi za enzi hizo zikichoka zinavujisha umeme kwenda kwenye valvu ya sauti. Valvu inafanya kazi kupita uwezo wake mpaka inakufa. Hata angeleta UCL82 mpya kabisa, angeenda kuichoma bure. Wa kuogopa ni fundi anayebadilisha valvu na kukurudishia redio siku hiyohiyo bila kupima kitu.

Halafu nyingi ya redio hizo hazina trasfoma. Kile chuma cha ndani kinachobeba vifaa kinaweza kuwa na umeme wa ukutani mzimamzima. Hapo "jaribu tuone" inaua mtu.

Staa ana wafuasi kibao, mzee ana jina lake tu pale mtaani, na ndilo linalomletea wateja. Ilitosha kusema, "Shikamoo mzee, kwani hii haifai kwa nini?" Angeeleweshwa dakika mbili. Kamtukana hadharani, basi na msamaha auombe hadharani.

Wadau mnaonaje? Tiririka hapo chini.