Jakuzi Ukingoni mwa Bwawa: Nani Atakayepima Maji?

Bwawa la kuogelea nyumbani si jambo la kushangaza tena katika maeneo kama Masaki na Mbezi Beach jijini Dar es Salaam. Wapo sasa wenye nyumba wanaotaka kuliongezea jakuzi, yaani beseni la maji ya moto yenye mapovu, lijengwe ukingoni na maji yake yamwagikie bwawani kama maporomoko madogo. Mchoraji wa ramani huzungumzia vigae na taa. Fundi huzungumzia hita na pampu. Ni nadra mazungumzo hayo kumfikia kijana wa bustani anayeshika ndoo ya klorini, ilhali afya ya watakaooga itakuwa mikononi mwake.

Si haki kuiita nyongeza hii anasa tupu. Jina lake limetokana na ukoo wa Jacuzzi, Waitaliano waliohamia Marekani na kujulikana kwa kutengeneza pampu. Candido Jacuzzi alikuwa na mwana, Kenneth, aliyeugua baridi yabisi tangu utotoni, na pampu ya kutibua maji bafuni ilibuniwa ili mtoto huyo apate nyumbani tiba ya maji aliyokuwa akiifuata hospitalini. Joto hulegeza misuli, na maji hubeba uzito wa mwili, hivyo goti lililochakaa hupata nafuu. Anayemjengea mama yake mwenye maumivu ya magoti ana nia njema. Shida ni kwamba mara nyingi mama huyohuyo humeza dawa za shinikizo la damu, na huenda ana kisukari pia.

Maji ya moto hutanua mishipa ya damu. Mtu anayetumia dawa za kushusha shinikizo anaweza kusimama ghafla, akaona giza na kuanguka kwenye vigae. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi haoni kwamba maji yanaunguza. Mjamzito, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, ashauriwe kujiepusha: joto la mwili linapozidi nyuzi 39 za sentigredi huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Maji yasizidi nyuzi 40, na watoto walio chini ya miaka mitano wasiingizwe kabisa. Pombe nayo isikaribie; humlaza mtu ndani ya maji bila yeye kujua.

Hata hivyo, hatari iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Watu wanne wakikaa katika jakuzi la lita 1,500, kila mmoja ana lita 375 za kuchafua kwa jasho, mafuta ya ngozi na losheni. Ili bwawa la lita 60,000 lichafuke kwa kiasi hicho, ingebidi liingiwe na watu 160 kwa pamoja. Tena joto na mapovu huiondoa klorini upesi. Ndiyo maana bwawa huvumilia uzembe wa siku mbili tatu, na jakuzi halivumilii. Bwawa huhitaji angalau miligramu 1 ya klorini huru kwa kila lita. Jakuzi huhitaji angalau 3, na kipimo cha pH kati ya 7.0 na 7.8.

Hapo ndipo mchoro wa maporomoko unapokuwa na kasoro ya kitabibu. Bwawa lililo chini ya jua kali la pwani hutiwa vidonge vyenye asidi ya sianuriki, ambayo huikinga klorini isiteketezwe na miale. Asidi hiyohiyo hupunguza kasi ya klorini kuua vijidudu, na kwa sababu hiyo haifai katika jakuzi. Maji mamoja hayawezi kutimiza masharti yote mawili. Jakuzi lijengwe na pampu yake, chujio lake na maji yake lenyewe, hata kama mandhari yatapungua uzuri. Anayeng'ang'ania maporomoko ni heri aache jakuzi.

Bakteria aitwaye lejionela hustawi katika maji ya uvuguvugu, nao mvuke na matone madogo ya mapovu humfikisha mapafuni. Mwaka 1999, katika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi lililowekwa kama bidhaa ya kutazamwa lilisambaza maradhi yake. Watu zaidi ya 100 waliugua na zaidi ya 20 wakafariki, bila kuoga humo. Walipita tu karibu na kuvuta hewa.

Mazingira ya hapa yana mitego yake. Umeme ukikatika, pampu husimama na maji hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na huo ndio ujoto ambao lejionela huupenda. Maji yaliyolala muda mrefu kwenye simtanki juani hayaanzi yakiwa salama. Baada ya katizo refu la umeme, mtu asiingie kabla klorini haijapimwa. Kujaza klorini kwa kukadiria, kwa kunusa au kwa mazoea si kupima.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Mgonjwa mwenye nimonia isiyosikia amoksilini wala seftriaksoni aulizwe kama katika wiki mbili zilizopita alikuwa karibu na jakuzi, la nyumbani au la hoteli. Dawa hizo mbili hazimuui lejionela. Azithromaisini na levofloksasini humuua. Upele wenye usaha kwenye vinyweleo, uliokolea sehemu zilizofunikwa na nguo ya kuogelea, huweza kutokana na bakteria sudomonasi wa maji hayohayo, na mara nyingi hupona wenyewe. Swali moja hapo linaweza kumwepusha mgonjwa na vidonge visivyo na kazi.

Halafu kuna tundu la kunyonyea maji. Mwaka 2002 Virginia Graeme Baker, mtoto wa Kimarekani mwenye umri wa miaka saba aliyejua kuogelea, alinaswa na mvuto wa tundu hilo ndani ya jakuzi na kufa maji. Sheria ya Marekani yenye jina lake, ya mwaka 2007, ilidai vifuniko visivyonasa mwili wala nywele. Mwenye nyumba amwombe fundi amwonyeshe kifuniko hicho kabla ya kumlipa, pamoja na swichi ya kuzima pampu iliyo karibu na mkono, na kifuniko cha juu chenye kufuli. Na kijana wa bustani apewe vijiti vya kupimia maji, afundishwe kuvisoma, na apewe daftari la kuandika vipimo vya kila siku.