Leseni ya toleo lipi?

Jamani, orodha za programu za kuendesha kwenye seva yako mwenyewe zinajaza picha na kuificha leseni. Chukua Redis. Hadi toleo la 7.2 ilikuwa BSD. Machi 2024 ikahamia RSALv2 na SSPLv1, ambazo si leseni huria. Mei 2025, toleo la 8 likaongeza AGPLv3. Sasa ukisoma "huria", ni toleo lipi hilo? Ukiwauzia wateja Redis 7.4 kama huduma, RSALv2 inakukataza. SSPLv1 inakudai msimbo wa huduma yako nzima. Awesome-Selfhosted angalau huziorodhesha zisizo huria kando. Mimi nataka namba ya toleo, leseni yake na tarehe ya kukaguliwa, vyote juu ya hizo picha.