Vijana wa Lushoto Hawakukimbia Jembe

Kwenye mikutano ya hadhara Lushoto hakosekani wa kusimama na kusema kwamba vijana wetu wanakimbilia Dar es Salaam kwa uvivu: jembe hawalitaki, wanataka starehe za mjini. Yamerudiwa mno hadi watu wazima wanayaamini. Ni uongo, tena uongo unaowadhulumu wachapakazi.

Anayebisha aende soko la Ilala au Mabibo saa kumi alfajiri, malori ya mboga yanaposhusha. Atawakuta hao "wavivu" na magunia mgongoni, wakipiga kelele wapishwe njia. Wenzao wanasukuma mikokoteni, au wanatembeza soksi na chaja juani kutwa nzima, usiku wanarudi Mbagala kwenye chumba wanacholala wanne, kodi imelipwa miezi sita mbele. Oktoba 2021 machinga walipoondolewa barabarani, wako waliopangiwa maeneo yasiyopita mteja, wakaanza upya. Mvivu hayawezi maisha hayo hata wiki moja.

Kinachowatoa kiko hukuhuku milimani. Mashamba ya Usambara yamegawanywa toka babu hadi wajukuu, mrithi wa leo anaambulia matuta machache mtelemkoni. Msitu wa Magamba umehifadhiwa, na ni haki uhifadhiwe, maana maji yetu yanatoka huko. Pa kufyeka hakuna. Hilo kila mtu analijua. Wasilopenda kulisema wakubwa ni bei.

Njoo Lukozi wakati wa mavuno. Mkulima amekesha na viazi vyake miezi mitatu, mbolea na dawa kakopa. Dalali anakuja na gunia lake mwenyewe. Linajazwa, linashindiliwa kwa miguu, kisha linaongezewa kichwa kwa kushonewa wavu mdomoni, viazi vingine vinaingia humo, mpaka gunia linakaribia kimo cha mtu. Hiyo ndiyo lumbesa. Utaratibu unataka mazao yapimwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100. Viongozi wameipiga marufuku majukwaani mara nyingi, nayo inazidi kupakiwa mchana kweupe na kuteremka kona za Soni hadi Mombo. Mkulima analipwa kwa gunia; mjini viazi vilevile vinauzwa kwa kilo. Bei anaitaja dalali, na mkulima akikataa, mzigo unamwozea. Kijana aliyemwona baba yake akipunjwa hivyo misimu mitatu mfululizo, akapanda basi, mimi nasema amepiga hesabu sawasawa.

Dawa ya kuwalaumu na kuwarudisha tulishaijaribu. Mwaka 1983, kwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa Dar es Salaam wakapelekwa vijijini. Wengi walirejea mjini, kwa sababu kilichowatoa hakikuguswa. Mji nao umezidi kujaa: sensa ya 2012 ilikuta Dar ina watu milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38.

Basi, waheshimiwa madiwani wa Lushoto na Bumbuli, acheni kuwasimanga watoto wa watu. Wekeni mizani Lukozi na kwenye kila soko la mboga, na dalali anayekuja na lumbesa lori lake lisiondoke mpaka mzigo upimwe na mkulima alipwe kilo zake zote.