Ufunguo wa pingu hauokoi mtu

Nachonga funguo mjini Bariadi, kibanda changu kiko jirani na stendi. Siku hizi vijana wananijia na ombi jipya: "Shikamoo mzee, nichongee wa pingu, mdogo, nifiche kwenye mkanda." Wameona kwenye simu mtu akijifungua pingu kwa sekunde chache na kutabasamu. Nawakatalia.

Si kwamba kazi ni ngumu. Pingu nyingi za kawaida hufunguliwa kwa ufunguo wa aina moja, kijiti chenye tundu na kijino kimoja. Kitasa cha mlango kinanitoa jasho zaidi. Lakini anayejua kufunga pingu hukuweka mikono nyuma, matundu ya ufunguo yakatazama viwiko, kisha hubonyeza kile kipini cha kuzuia meno yasisogee. Hapo sharti uzungushe upande mmoja kwanza, halafu upande wa pili, bila kuona, vidole vimekufa ganzi, umebanwa katikati ya wanaume wawili kwenye kiti cha nyuma. Mkanda wenyewe huenda walishauvua. Tuseme umefaulu: mikono iko huru, bunduki iko palepale.

Wateja hao hunitajia Ali Kibao, kada wa Chadema. Septemba 6, 2024 watu wenye silaha walimteremsha kwenye basi la Tanga pale Tegeta, Dar es Salaam, mbele ya abiria. Mwili wake ukapatikana Ununio. Rais Samia aliagiza uchunguzi. Sasa niambieni, kijifunguo kingemfaa nini mzee yule?

Miezi miwili baadaye, Novemba 2024, wanaume wawili walijaribu kumsukumiza mfanyabiashara mmoja ndani ya gari huko Kiluvya. Pingu walikuwa nazo. Yule bwana alijikaza, akagoma kuingia, akapaza sauti. Watu wakatazama, mmoja akarekodi, na watekaji wakaondoka bila yeye. Video ile tuliiona nchi nzima. Najua macho ya watu hayakutosha Tegeta. Hata hivyo, nikilinganisha matukio haya mawili, sioni mahali ambapo ufunguo ungebadilisha kitu. Nafasi aliyokuwa nayo mtu ilikuwa kabla mlango wa gari haujafungwa.

Sisi wa Usukuma tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe wakitusumbua, silaha ya kwanza ilikuwa filimbi na mwano, yaani yowe la kuitana. Ukisikia mwano, unatoka nje, hata kama uko mezani. (Sungusungu nao walionea watu, nisiwapambe, wengine walifungwa kamba bila kosa.) Na tukizungumzia usalama wa mkoa wetu wa Simiyu wenyewe, bibi wa kijijini anayeitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu hafuatwi na pingu, anafuatwa na panga. Mwenye fedha za pamba anaviziwa njiani usiku. Dereva wa bodaboda anauawa kwa ajili ya pikipiki. Ufunguo wangu hauna kazi hapo.

Kuna jambo jingine vijana hawalifikirii. Siku polisi halali wakikupekua wakaukuta umeshonewa kwenye mkanda, utawaeleza nini? Kutoroka chini ya ulinzi halali ni kosa la jinai, na wewe utaonekana ulijiandaa mapema.

Badala ya kunilipa mimi, kariri namba za simu za ndugu wawili, maana watekaji huchukua simu kwanza. Mwambie mtu unakokwenda. Anayekukamata muulize jina, kituo na kosa, kwa sauti ya kusikika hadi dukani kwa jirani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka mkamataji akueleze sababu ya kukukamata, na inakataza kukubana kuliko inavyohitajika ili usitoroke.

Neno langu la mwisho ni kwa Jeshi la Polisi. Kijana anayetafuta ufunguo wa pingu hana tena uhakika kama anayemfunga ni askari au mhalifu, na hofu hiyo mnaweza kuiondoa ninyi. Kamateni watu mkiwa na sare au kitambulisho kinachosomeka, kwenye gari lenye namba, na mwenyekiti wa mtaa aambiwe mtu wake anapelekwa kituo gani.